Uhuru wa Kuabudu na Haki ya Mnyonge: Maisha na Kazi ya Rajkumari Amrit Kaur wa India

Utangulizi

Historia ya Kanisa katika bara la Asia huandikwa mara nyingi kwa kufuata majina ya wamisionari na maaskofu. Ni nadra kukuta habari za walei walioichukua imani yao na kuingia nayo gerezani, bungeni na katika ofisi za serikali. Makala hii inakusudia kuchunguza maisha ya mmoja wao, Rajkumari Amrit Kaur wa India, mpigania uhuru aliyepata kuwa mtunga sheria na Waziri wa Afya wa kwanza wa taifa lake huru. Neno Rajkumari maana yake ni binti wa mfalme. Lilikuwa cheo chake kwa kuzaliwa, nalo likabaki kama sehemu ya jina lake hata baada ya yeye kuuacha utajiri wa kifalme.

Hatukusudii kumfanya mtakatifu. Tunamwendea tukiwa na swali moja ambalo yeye alilikabili mapema kuliko wengi wetu: sheria ya nchi inapolinda uhuru wa dini, je, inamlinda nani? Inawalinda viongozi wa dini na desturi zao, au inamlinda pia yule mnyonge anayekaa chini ya desturi hizo? Swali hili linawahusu wachungaji na wanafunzi wa theolojia kila mahali, kwa kuwa nasi tunaishi katika nchi zenye dini nyingi, na katika makanisa yenye desturi nyingi.

1. Nyumba yenye urithi wa aina mbili

Amrit Kaur alizaliwa mjini Lucknow mwishoni mwa miaka ya 1880. Baba yake, Raja Harnam Singh, alitoka katika ukoo wa watawala wa Kapurthala, jimbo la Kisikh katika Punjab. Harnam Singh aliuacha ukoo huo na kuwa Mkristo, na kwa hatua hiyo alijitenga na matarajio ya kiti cha utawala. Mama yake, Priscilla, alikuwa binti wa Golaknath Chatterjee, Mbengali aliyeongoka na kuwa mchungaji wa Kipresbiteri chini ya misioni ya Wamarekani, akatumika miaka mingi mjini Jalandhar.

Basi mtoto huyu alirithi mambo mawili: heshima ya jamaa ya kifalme na imani iliyowagharimu wazazi wake. Alikuwa binti pekee kati ya ndugu wa kiume wengi. Alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya wasichana ya Sherborne, Dorset, akarudi nyumbani akiwa na malezi ya kike ya tabaka la juu. Kwa kawaida ya wakati ule angeweza kuishi maisha ya starehe, akihudhuria karamu za magavana huko Shimla, mji wa milimani ambako serikali ya kikoloni ilihamia wakati wa joto.

Lakini nyumba ya Harnam Singh ilikuwa na wageni wa namna nyingine pia. Miongoni mwao alikuwa Gopal Krishna Gokhale, mmoja wa viongozi wakuu wa Chama cha Congress, ambaye kwake binti huyu alisikia kwa mara ya kwanza hoja za kudai uhuru wa India. Kisha yakaja mauaji ya Amritsar. Tarehe 13 Aprili 1919, askari chini ya amri ya Jenerali Dyer waliufyatulia risasi umati usio na silaha katika uwanja wa Jallianwala Bagh. Taarifa ya serikali yenyewe ilitaja watu 379 waliouawa, na Wahindi wengi waliamini kuwa idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Tangu hapo Amrit Kaur hakuweza tena kuutazama utawala wa Kiingereza kama mlezi.

2. Kutoka jumba la kifalme hadi kijiji cha Gandhi

Hata hivyo hakuingia mara moja katika harakati. Wazazi wake hawakupenda ajiunge na Mohandas Gandhi, naye aliwaheshimu. Alianza kwanza na kazi ya wanawake. Mwaka 1927 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Mkutano wa Wanawake wa India Yote, chombo kilichopigania elimu ya wasichana, kupinga ndoa za watoto na kuondoa desturi ya kuwatawisha wanawake nyuma ya pazia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1929, ilipitishwa sheria iliyoweka umri wa chini wa ndoa kuwa miaka 14 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Kwa vipimo vya leo umri huo ni mdogo mno, lakini kwa wakati ule sheria hiyo ilipingwa vikali na watu waliodai kuwa serikali inaingilia dini yao. Tukumbuke upinzani huo, maana utarudi mbele yetu.

Baba yake alifariki mwaka 1930. Katikati ya miaka ya 1930 Amrit Kaur alihamia kwa Gandhi, akavaa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, akaishi maisha ya kijijini, na kwa miaka mingi akawa mmoja wa makatibu wake. Gandhi alimwandikia barua nyingi, na kwa utani alimwita mwasi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukubali kila jambo bila kuuliza. Katika harakati za mwaka 1942 za kuwataka Waingereza waondoke India, aliongoza maandamano yaliyokabiliwa na polisi wenye virungu, akafungwa gerezani. Binti wa mfalme, mwenye afya isiyo imara na umri wa zaidi ya miaka 50, alilala katika chumba cha wafungwa.

3. Kura bila masharti

Kabla ya kufika katika Bunge la Katiba, yatupasa kutazama tukio moja la mwaka 1933. Bunge la Uingereza lilikuwa likitayarisha sheria mpya ya kuitawala India, na kamati yake ilipokea maoni mjini London. Mashirika ya wanawake wa India yaliwakilishwa na wanawake watatu: Amrit Kaur, Mkristo, Muthulakshmi Reddy, daktari wa kutoka Madras aliyekuwa Mhindu, na Shareefah Hamid Ali, Mwislamu.

Serikali ilikuwa tayari kuwapa baadhi ya wanawake kura, lakini kwa masharti ya mali, ya elimu, au ya kuwa mke wa mwenye mali. Aidha ilipendekeza viti vya wanawake vigawanywe kwa kufuata dini. Wanawake wale watatu walikataa yote mawili. Walidai kura kwa kila mtu mzima, bila kumpima mwanamke kwa mali ya mumewe, na bila kuwagawa wanawake kwa dini zao. Hawakusikilizwa. Sheria ya mwaka 1935 ilipitishwa ikiwa na masharti yale yale, na viti vikagawanywa kwa Waislamu, Masikh, Wakristo wa Kihindi na makundi mengine.

Hapa tunaona mwanzo wa msimamo wake. Akiwa Mkristo katika nchi ambayo Wakristo walikuwa wachache sana, angefaidika na kiti kilichotengwa kwa ajili ya jamii yake. Alikikataa, kwa kuwa aliona ya kwamba mwenye kudai ulinzi wa kundi lake peke yake huwaacha nje wanyonge walio ndani ya makundi mengine, na hata walio ndani ya kundi lake mwenyewe.

4. Neno moja katika Katiba

Bunge la Katiba la India lilikutana mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1946. Wanawake waliokuwamo walikuwa 15 tu. Amrit Kaur alichaguliwa kutoka Majimbo ya Kati na Berar, akawekwa katika kamati ndogo ya haki za msingi pamoja na watu kama B. R. Ambedkar, K. M. Munshi, M. R. Masani na Hansa Mehta.

Mwanzoni mwa mwaka 1947 kamati hiyo ilijadili kifungu cha uhuru wa dini. Rasimu ilitaja haki ya kuitekeleza dini kwa uhuru. Wengi waliona kwamba maneno hayo hayana ubaya. Amrit Kaur na Hansa Mehta walishtuka. Walieleza kwamba chini ya maneno hayo mtu angeweza kwenda mahakamani na kudai kuwa kumtawisha mke, kumwoza mtoto, kumtoa msichana wakfu hekaluni, au hata kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe, ni utekelezaji wa dini. Sheria zote zilizopiganiwa kwa karne nzima, kuanzia ile ya mwaka 1829 ya kukataza kuwachoma wajane, ile ya mwaka 1856 ya kuwaruhusu wajane kuolewa tena, hadi ile ya mwaka 1929 kuhusu ndoa za watoto, zingeweza kubatilishwa kwa jina la uhuru. Walipendekeza Katiba iseme uhuru wa kuabudu badala ya uhuru wa kutekeleza dini.

Pendekezo lao halikukubaliwa kama lilivyokuwa. Masikh, Wakristo na wengine waliogopa kwamba ibada peke yake ni kitu chembamba mno, kwa maana dini hukaa pia katika mavazi, chakula, shule na matendo ya huruma. Wakristo walitaka zaidi ya hayo haki ya kuieneza imani yao, nao wakaipata. Kifungu cha 25 cha Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 kinampa kila mtu haki ya kukiri, kutekeleza na kueneza dini.

Lakini onyo la wanawake wale halikupotea bure. Kifungu hicho hicho kimewekewa mipaka: kinatii amani ya umma, maadili, afya, na haki nyingine za msingi. Tena kinasema wazi kwamba hakiizuii serikali kutunga sheria za ustawi na matengenezo ya jamii, wala kuyafungua mahekalu ya Kihindu kwa watu wa tabaka zote. Ndani ya mipaka hiyo twasikia sauti ya wale walioshtuka.

Pamoja na Masani na Hansa Mehta, Amrit Kaur alitaka pia sheria moja ya ndoa na urithi kwa raia wote, badala ya kila dini kuwa na sheria yake. Walishindwa kwa kura, wakaandika maoni yao ya kutokubaliana. Jambo hilo liliingizwa katika Katiba kama lengo tu, katika kifungu cha 44, na likaendelea kuleta mabishano makali nchini India.

5. Je, hofu yake ilikuwa ya kweli?

Mtu aweza kudhani kwamba mjadala huu uliwahusu Wahindu na Waislamu tu. Sivyo. Mfano ulio dhahiri unatoka ndani ya Ukristo wenyewe.

Huko Kerala, kwenye makanisa ya kale ya Kisiria, urithi wa Wakristo wengi uliongozwa na sheria ya Travancore ya mwaka 1916. Kwa sheria hiyo, baba akifariki bila wosia, binti alipata robo ya fungu la mwana wa kiume, au rupia 5,000, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo zaidi. Mwalimu Mary Roy, mwanamke wa jamii hiyo, aliipeleka sheria hiyo mbele ya Mahakama Kuu Kabisa ya India, na mwaka 1986 mahakama ikaamua kwamba mabinti wa Kikristo wana haki sawa na ndugu zao wa kiume. Waliopinga uamuzi huo walikuwamo viongozi wa makanisa. Vivyo hivyo, sheria ya talaka ya Wakristo ya mwaka 1869 ilimruhusu mume kudai talaka kwa sababu ya uzinzi peke yake, lakini ilimtaka mke athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine. Haikurekebishwa hadi mwaka 2001, zaidi ya nusu karne baada ya uhuru.

Basi hofu ya Amrit Kaur ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ya kweli hata katika nyumba yake ya imani. Sheria za jamii ndogo zaweza kuilinda jamii hiyo dhidi ya jamii kubwa, na wakati huo huo kumkandamiza binti aliye ndani yake.

6. Waziri wa Afya

India ilipopata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, Jawaharlal Nehru alimteua Amrit Kaur kuwa Waziri wa Afya. Alikuwa mwanamke pekee katika baraza hilo la mawaziri. Mzigo wake ulikuwa mzito. Wastani wa maisha ya Mhindi ulikuwa takriban miaka 32. Malaria peke yake ilikadiriwa kuwapata watu milioni 75 kwa mwaka na kuwaua 800,000. Juu ya hayo, mgawanyiko wa India na Pakistan ulikuwa umewatoa mamilioni ya watu katika makao yao.

Alisimamia mwanzo wa chanjo ya BCG dhidi ya kifua kikuu, iliyoanza mwaka 1948 kwa msaada wa mashirika ya kimataifa. Alipingwa hadharani na mwanasiasa mkongwe C. Rajagopalachari, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1953 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti malaria, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 wagonjwa waliohesabiwa kwa mwaka walikuwa wamepungua hadi takriban 100,000, ingawa ugonjwa uliinuka tena baadaye. Mwaka 1950 alichaguliwa kuwa rais wa Baraza Kuu la Shirika la Afya Duniani, mwanamke wa kwanza na Mwasia wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika uchaguzi mkuu wa kwanza, uliofanyika mwaka 1951 na 1952 kwa kura ya kila mtu mzima, ile ile aliyoidai London miaka 18 iliyotangulia, alichaguliwa kuwa mbunge kutoka Himachal Pradesh.

Kazi yake inayokumbukwa zaidi ni Taasisi ya Sayansi ya Tiba ya India Yote, mjini New Delhi. Alitafuta fedha katika nchi nyingi, na New Zealand ilitoa mchango mkubwa. Mwezi Februari 1956 aliuwasilisha muswada wake bungeni. Alisisitiza mambo mawili: taasisi iwe na uhuru wa kujiendesha, na madaktari wake wasifanye kazi ya kulipwa pembeni bali wajitoe kwa mafundisho, utafiti na wagonjwa. Nyumba yake mwenyewe iliyokuwa Shimla aliitoa ili watumishi wa taasisi na wauguzi wapate mahali pa kupumzika. Aliacha uwaziri mwaka 1957, akafariki mwaka 1964.

7. Mipaka ya mtumishi huyu

Haki ya historia yatudai tuseme pia pale ambapo hatuwezi kumfuata bila kuuliza. Kwanza, akiwa mfuasi wa Gandhi, alikataa matumizi ya vifaa na dawa za uzazi wa mpango, akakubali tu njia ya kuhesabu siku. Wanawake wenzake wengi hawakukubaliana naye, wakaona kwamba waziri aliyepigania uhuru wa mwanamke anamwacha mama wa kijijini bila msaada.

Pili, alipinga viti maalum kwa wanawake akitumaini kwamba haki sawa zingetosha. Hazikutosha. Idadi ya wanawake bungeni ilibaki ndogo kwa miongo mingi, hata mwaka 2023 Bunge la India likapitisha marekebisho ya Katiba ya kuwatengea theluthi moja ya viti.

Tatu, na hili linatugusa sisi kwa namna ya pekee, katika miaka ya 1930 alikubaliana na Gandhi katika kupinga juhudi za kuwavuta watu kutoka dini moja hadi nyingine. Kwa mjukuu wa mchungaji Golaknath msimamo huo unashangaza. Sisi tuliozaliwa na misioni hatuwezi kuukubali, kwa maana agizo la Bwana ni la kuihubiri Injili kwa mataifa yote (Mt. 28:18–20). Lakini tusipuuze sababu yake. Aliona watu wakihesabiwa kwa ajili ya kura na viti vya siasa, na aliona roho za watu zikigeuzwa kuwa takwimu. Onyo hilo linabaki halali hata kwa mwinjilisti mwaminifu. Yeye mwenyewe alibaki Mkristo hadi mwisho, ingawa alipofariki mwili wake ulichomwa kwa desturi ya Kisikh ya ukoo wa baba yake.

8. Mafunzo kwa Kanisa

Martin Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa mikono miwili: kwa Neno katika Kanisa, na kwa sheria katika serikali. Mara nyingi fundisho hili limetumiwa vibaya, kana kwamba mambo ya sheria hayamhusu mhubiri. Maisha ya Amrit Kaur yanatuonyesha upande mwingine. Sheria ni mkono wa Mungu wa kumkinga mnyonge, na mlei Mkristo aliyekaa katika kamati ya bunge akibishana juu ya neno moja alikuwa katika wito wake sawasawa na mchungaji aliye madhabahuni. Nabii Isaya aliwaonya wale waandikao maagizo ya udhalimu yanayowanyima haki wajane na yatima (Isa. 10:1–2). Yawezekana udhalimu huo ukaandikwa hata kwa maneno mazuri ya uhuru wa dini.

Bwana wetu alipoulizwa juu ya Sabato hakuidharau, bali aliipima kwa mwanadamu ambaye kwa ajili yake iliwekwa (Mk. 2:23–28). Kipimo hicho ndicho kinachotakiwa tunapodai uhuru wa Kanisa mbele ya serikali. Tunapouomba uhuru huo, na tujiulize kwanza: mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu mumewe, msichana aliyeozwa kabla ya kumaliza shule, binti aliyekeketwa kwa jina la mila, je, uhuru tunaouomba unawafikia wao pia? Au unaishia kwenye lango la ofisi ya jimbo?

Hitimisho

Amrit Kaur alikuwa na sababu zote za kudai ulinzi kwa ajili ya watu wake wachache. Alichagua kumtetea mwanamke asiye na sauti katika kila dini, ikiwamo ya kwake, kisha akatumia miaka 10 akimtafutia chanjo na hospitali. Hakuona tofauti kati ya kazi hizo mbili. Wanafunzi wetu watakaoitwa kesho kutoa maoni mbele ya tume na kamati za bunge kwa niaba ya Kanisa watafanya vema kulisoma kila neno la rasimu kama alivyolisoma yeye, wakimkumbuka yule asiyekuwamo chumbani.